Kisu cha kukunja kikisumbua: dalili, sababu, na kasoro zipi zinaua thamani

Wengi wakishika kisu cha kukunja huanza kwa kusoma jina la chuma lililogongwa kwenye bapa, yaani sehemu inayokata. Anayevifahamu visu huanza kwenye pini, pale bapa linapozungukia, kisha huenda kwenye loki, yaani kile kinacholizuia bapa lisijifunge. Chuma kizuri kwenye kiungo kibovu ni kisu kibovu, ilhali chuma cha kawaida kwenye kiungo kilichotengenezwa kwa makini hukata kwa miaka. Ukinunua au ukiuza, zitenge kasoro mapema: zile za skrubu, uchafu na makali butu hushusha bei kidogo au haziishushi kabisa. Zile za loki iliyolika, bapa lililopungua, kutu iliyochimba na nyufa hazina dawa ya bei nafuu.

Vifaa vya kupimia ni vichache: taa yenye mwanga mkali, lenzi ya kukuza mara 10, bisibisi za nyota T6 na T8 (visu vingi vya kisasa hutumia hizo), mafuta ya cherehani, mswaki wa zamani, maka peni na karatasi. Futa kisu kwanza, kwa sababu nusu ya kasoro zinazolalamikiwa ni vumbi la mfukoni lililoganda na mafuta. Wakati wote wa kupima, vidole visikae kwenye njia ambayo makali yatapita bapa likijifunga.

Bapa linacheza

Fungua kisu mpaka mwisho. Shika mpini kwa mkono mmoja, bana mgongo wa bapa karibu na ncha kwa vidole vya mkono wa pili, kisha lisukume kushoto na kulia. Baada ya hapo lisukume juu na chini. Haya ni majaribio mawili tofauti na majibu yake hayafanani, kwa hiyo usiyachanganye.

*Likicheza kushoto na kulia*, sababu ya kwanza karibu kila mara ni skrubu ya pini iliyolegea. Ikaze kwa nane ya mzunguko tu, funga na ufungue, pima tena. Ukikaza kwa nguvu mara moja, bapa litagoma kufunguka na utadhani umeharibu kitu. Skrubu ikilegea kila wiki, itoe, safisha nyuzi zake kwa spiriti, weka tone moja dogo la gundi ya skrubu ya bluu (Loctite 243 au inayofanana nayo), irudishe na uache usiku mzima. Usitumie ile nyekundu, maana kuifungua kunahitaji moto, na moto karibu na bapa hulainisha chuma.

Sababu ya pili ni washa (pete nyembamba kati ya bapa na mpini) zilizolika au zilizowekwa vibaya na mtu aliyefungua kisu kabla yako. Washa nzuri ni za shaba nyeusi, yaani bronzi, au za nailoni nene, na kisu cha skrubu kisicho na washa wala beringi huweza kuanza kucheza mapema. Sababu ya tatu ni tundu la bapa lililopanuka kuliko pini. Hapo kukaza hakusaidii: utaona bapa limekaza kufunguka na bado linacheza. Thamani ya kisu hicho ni ya vipuri tu.

Visu vya ribiti havina skrubu ya kukaza. Mafundi hugonga kichwa cha ribiti juu ya fuawe kwa nyundo ndogo ya kichwa cha duara, pigo jepesi baada ya pigo. Kama mpini ni wa mfupa, pembe au chaza, acha hapo. Pigo moja likienda kando hupasua mpini, na mpini uliopasuka hupunguza bei kuliko bapa linalocheza kidogo.

*Likicheza juu na chini*, tatizo ni la loki, si la pini. Kwenye loki ya mgongo (mkono wa chuma unaoingia kwenye pengo la kitako cha bapa, yaani mwisho wake ulio ndani ya mpini, kama kwenye kisu cha Buck 110), anza na uchafu. Chembe ndogo ya nyuzi za nguo kwenye lile pengo huzuia mkono wa loki kuzama mpaka chini. Chokonoa kwa kijiti cha meno, tia tone la mafuta, fungua na ufunge mara kumi, futa. Visu vingi "vilivyochoka" hupona hapo hapo. Mchezo mdogo sana unaobaki, unaohisika ukibonyeza mgongo kwa nguvu lakini hauonekani kwa macho, ni wa kawaida kwa loki ya aina hii, usikubali muuzaji wala mnunuzi aufanye hoja kubwa. Ukionekana kwa macho, pengo limelika.

Loki inateleza, au imeingia mno

Kwenye loki ya bamba la ndani (bamba jembamba ndani ya mpini linalokaa nyuma ya kitako cha bapa), na kwenye ile ambayo upande wa mpini wenyewe ndio unaosukuma bapa, fungua kisu polepole kisha kitazame kutoka nyuma. Bamba linatakiwa likae chini ya kitako cha bapa, likiwa limeshika kati ya robo na nusu ya upana wake. Likishika ukingo tu, kisu ni kichafu au hakikumaliziwa vizuri kiwandani. Likiwa limevuka mpaka linagusa upande wa pili, loki imelika na haina pa kwenda tena. Bamba la titani hulika haraka kuliko la chuma cha pua, ndiyo maana watengenezaji makini huweka kipande cha chuma kigumu pale linapogusana na bapa. Ukikiona, hesabu kuwa ni nyongeza ya thamani.

Jaribio la maka peni linaonyesha ukweli usioonekana kwa macho. Paka wino sehemu ya kitako inayoguswa na loki, acha ukauke, fungua na ufunge mara tano, kisha tazama kwa lenzi. Wino ukifutika kwenye mstari mpana karibu na chini, mshiko ni mzuri. Ukifutika kwenye nukta moja juu, loki inashika kwa pembe mbaya na itateleza siku bapa litakaposukumwa.

Kuna watu hupigiza mgongo wa kisu kwenye meza ili kuijaribu loki. Kipigo kikali huharibu hata loki nzima. Kinachotosha ni kugonga mgongo wa bapa kidogo kwenye kitabu kinene, mpini ukiwa umeshikwa kwa vidole vya pembeni, kiganja kikiwa nje ya njia ya makali. Ikijifunga hata mara moja, sababu zipangwe hivi: mafuta au grisi kwenye uso wa loki (futa kwa spiriti, pima tena), uchafu, skrubu ya pini iliyolegea, kisha pembe mbaya au kulika. Ukifika kwenye pembe, usishike tupa. Kusaga kitako cha bapa ili loki ishike ni kazi ya kupima kwa sehemu ndogo za milimita, na ukizidisha hakuna wa kurudisha chuma. Kisu chenye dhamana kirudishwe kwa mtengenezaji kabla hakijafunguliwa, maana wengine hufuta dhamana wakiona skrubu zimechezewa.

Loki inayonata, yaani inahitaji kidole gumba kusukuma kwa nguvu ndipo iachie, huwaudhi wengi lakini si hatari. Mara nyingi ni titani mpya inayokwaruza kwenye chuma. Chora uso wa kitako kwa penseli ya kawaida: grafiti yake hulainisha kidogo bila kufanya loki iteleze, na baada ya matumizi ya wiki kadhaa hali hutulia.

Kisu kinajifungua mfukoni

Hii ndiyo dalili pekee inayotosha kukataa kisu bila mjadala mpaka kirekebishwe. Kishike kimefungwa, ncha ielekee chini, tikisa kidogo. Bapa likichungulia, kwenye visu vya loki ya bamba tazama kile kigololi kidogo kilichopachikwa kwenye bamba, ambacho huzama kwenye kitundu cha bapa. Safisha kitundu. Kama kigololi kimelika au kimedondoka, au bamba halina tena nguvu ya kusukuma, mpelekee fundi. Kulikunja bamba mwenyewe ili lipate nguvu hubadilisha pia jinsi loki inavyoshika bapa likiwa wazi.

Visu vya springi ya mgongoni, visivyo na loki, havina kigololi: springi yenyewe ndiyo hulishikilia bapa. Kikiwa kizima utasikia mlio mkavu bapa likifunguka na tena likijifunga, na nguvu ile ile mwanzo hadi mwisho. Springi iliyolegea huweza kuwa imechoka au imepasuka. Itazame upande wa ndani kwa taa: ufa huanza karibu na ribiti ya katikati. Kisu cha mabapa matatu chenye springi moja iliyokufa si kisu cha mabapa mawili mazuri, maana kubadilisha springi ni kukifungua chote.

Kinafunguka kwa tabu

Uchafu kwanza. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, mswaki ndani ya mpini, suuza, kung'uta, kausha kabisa, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye pini. Fungua na ufunge mara ishirini na ufute weusi unaotoka. Mafuta ya kupikia usiyaguse: baada ya muda huwa gundi. Mafuta yakitoka na wekundu wa kutu, rudia mpaka yatoke safi. Yakigoma kabisa kusafika, kutu iko ndani ya kiungo, na kwenye kisu cha ribiti hilo ni punguzo la haki kwenye bei.

Pili ni pini iliyokazwa mno. Legeza nane ya mzunguko.

Tatu, mbao. Kisu cha Opinel, kinachotengenezwa Savoie, Ufaransa, tangu 1890, bapa lake linapita ndani ya mpasuo wa mpini wa mti. Kikinyonya maji mti huvimba na kulibana bapa. Si kasoro ya kiwanda. Kiache kikauke penye hewa kwa siku chache, mbali na jua kali na jiko, la sivyo mti utapasuka. Kama unakihitaji sasa hivi, zungusha pete ya loki iachie (visu vya kabla ya 1955 havina pete hiyo), gonga kitako cha mpini kwenye ubao mgumu, na bapa litachomoza kiasi cha kushikika.

Bapa limeegemea upande mmoja

Kagua kwa kulitazama kutoka juu likiwa limefungwa. Kwenye visu vya skrubu, legeza zote kidogo, sukuma bapa katikati, kisha kaza pini mwisho. Likirudi pembeni, washa moja ni nene kuliko nyingine au bamba limepinda. Kama halikwaruzi ukuta, ni suala la macho tu na halina uzito katika bei ya kisu cha kazi. Likikwaruza, utaona mstari wa kung'aa kwenye bamba na makali butu sehemu hiyo hiyo.

Visu vya mabapa mengi ni habari nyingine. Mabapa yanayoshirikiana nafasi hupindishwa kidogo kwa makusudi ili yapishane. Ukiyanyoosha, yatagongana.

Makali yanagonga springi, au ncha imechomoza

Funga kisu cha springi polepole huku ukisikiliza. Ukisikia mlio mdogo wa chuma mwishoni na ukakuta kidoa kisichokata kati ya makali, bapa linatua juu ya springi. Chanzo cha kawaida ni kuliachilia lijifunge kwa nguvu. Lifuate kwa mkono, kisha noa sehemu hiyo mpaka itoweke. Chanzo kingine ni kinundu kidogo kwenye kitako cha bapa, karibu na mwanzo wa makali, kinachokaa juu ya springi na kulizuia bapa lisizame. Kikiwa kimesagwa, bapa huzama kupita kiasi.

Kwa nini mtu akisage? Kwa sababu bapa lililonolewa miaka mingi hupungua upande wa makali, ncha hupanda kuelekea mgongoni, na kisu kikifungwa ncha huchomoza nje ya mpini na kuchoma mfukoni. Kusaga kinundu huirudisha ndani. Kwa hiyo kinundu chenye alama mpya za tupa kwenye kisu cha zamani ni ushahidi kwamba bapa limepungua au ncha ilivunjika ikachongwa upya. Thibitisha kwa nafasi: kwenye bapa kamili ncha hufika karibu na mwisho wa mpasuo wa mpini. Ukiona pengo la milimita kadhaa, bapa si la urefu wake wa awali. Kwa mkusanyaji, hicho ndicho kipimo kizito kuliko vyote, kizito hata kuliko umri.

Makali hayakai

Ukinoa, kikanyoa nywele, kisha baada ya kukata boksi mbili kikawa butu, usilaumu chuma bado. Kinachodanganya ni ule utepe mwembamba wa chuma unaobaki upande mmoja wa makali: hukata vizuri sana, halafu hujikunja. Pitisha kidole kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, kamwe si kwa kufuata urefu wake. Upande unaokwama ndio wenye utepe. Uondoe kwa kupiga hatua nyepesi za kupokezana pande mbili kwenye jiwe laini, kisha ngozi.

Kinachofuata ni pembe. Paka makali maka peni, piga mara mbili kwenye jiwe, tazama wino ulipofutika. Ukifutika juu tu, hujafika kwenye makali. Nyuzi 15 hadi 20 kila upande zinafaa visu vingi vya mfukoni.

Kisu kipya kinaweza pia kuwa kilichomwa na mkanda wa kunolea kiwandani. Ukinoa mara tatu au nne unafikia chuma kizima na hali inabadilika. Baada ya yote hayo ndipo chuma kishtakiwe. Maneno "stainless" au "surgical steel" peke yake hayakuambii kitu. Namba "440" isiyo na herufi mara nyingi ni 440A, yenye kaboni kati ya 0.60% na 0.75%, wakati 440C ina 0.95% hadi 1.20% na hukaa na makali muda mrefu zaidi. Chuma cha 420J2 kina kaboni kidogo mno, kinafaa kwa bamba za ndani kuliko kwa bapa. Lakini usidharau chuma laini kilichochaguliwa kwa makusudi: bapa za visu vya Victorinox vya Uswisi zina ugumu wa takribani 56 kwa kipimo cha Rockwell C, hupoteza makali upesi, na hurudi kwa dakika chache kwenye jiwe lolote. Chuma chenye vanadi nyingi kama S30V hukaa muda mrefu lakini kinataka jiwe la almasi, na ukikitumia kupekechua au kubandua hung'oka vipande. Jibu la nani anakitumia na ana jiwe gani linaamua thamani kuliko namba.

Madoa na kutu

Rangi ya kijivu au bluu kwenye chuma cha kaboni kama 1095 si ugonjwa, ni ngozi inayozuia kutu. Usiisugue. Kwenye kisu cha zamani, mng'aro mpya wa mashine hupunguza bei na mara nyingi hufuta nembo. Kutu nyekundu ya juu: mafuta, subiri saa kadhaa, sugua taratibu kwa sufi ya chuma namba 0000 kwa kufuata mistari ya bapa. Pitisha ukucha, ukikwama kwenye vishimo vyeusi, chuma kimeliwa na hakuna usafi utakaokirudisha. Chuma cha D2 watu hukichukulia kama hakishiki kutu, lakini kwa kromi yake ya takribani 12%, ambayo sehemu kubwa imefungwa ndani ya kabidi (chembe ngumu za kaboni na metali), hushika kikiachwa na jasho.

Kisu hakifanani na kinachodaiwa

Nembo kwenye kitako cha bapa ilingane na umri wa kisu chenyewe. Watengenezaji visu Case wa Marekani kuanzia 1970 waliweka nukta kumi chini ya nembo na kupunguza moja kila mwaka, kisu chenye "CASE XX U.S.A." bila nukta huwekwa kati ya 1965 na 1969. Nembo safi kwenye bapa lililolika, ribiti moja inayong'aa kati ya zilizofifia, au mabapa mawili ya rangi tofauti, ni dalili za kisu kilichounganishwa kutoka vipande.

Urembo wa damaski (chuma cha tabaka zinazoonekana kama mawimbi) ukaguliwe mgongoni mwa bapa. Tabaka za kweli hupita mpaka huko. Picha iliyochorwa huishia ubavuni na hukatika kwenye mkwaruzo. Mfupa wa kweli una vitundu na vistari vidogo vyeusi chini ya lenzi, plastiki haina. Usijaribu kwa sindano ya moto. Ukiona mistari inayokatizana kama wavu kwenye mpini mweupe, huenda ni pembe ya ndovu: usinunue wala usiuze kabla ya kuuliza mamlaka ya wanyamapori. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa uamuzi wa 1989.

Mpini unanuka na visu jirani vinashika kutu

Harufu ya kafuri au ya asidi kali, nyufa ndogo za miraba ndani ya mpini unaopitisha mwanga, na kutu inayozuka kwenye bapa lililo karibu na mpini hata likipakwa mafuta: hii ni seluloidi, plastiki ya zamani, inayooza. Hutoa gesi yenye asidi inayokula chuma, pamoja na chuma cha visu vingine vilivyomo sanduku moja. Haina tiba. Kitoe peke yake leo hii, kiweke penye hewa, usikifungie kwenye plastiki, usikisogeze karibu na moto wala mashine ya kung'arishia, kwa kuwa seluloidi huwaka haraka mno. Kama bapa na nembo ni vya thamani, fundi wa visu vya kale anaweza kuondoa mpini na kuweka mwingine. Bei ya baada ya hapo ni ya kisu kilichokarabatiwa, na mnunuzi aambiwe hivyo.